Kujitunza kiafya kuna faida gani kama mwisho wake ni uzee wa tabu? Watu wa Kusini tujadiliane

Mtoa mada, Mtwara Mjini

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naleta hoja ninayoisikia kila mahali siku hizi: kwenye baraza za kahawa Mikindani, kwenye foleni ya zahanati, mpaka msibani. Inasema hivi. Mtu akipunguza chumvi, akaacha sigara, akatembea kila asubuhi, anachopata ni kuongezewa miaka ya mwisho, na miaka ya mwisho ndiyo mibaya kuliko yote. Magoti hayakunjiki, macho yana mtoto wa jicho, watoto wako Dar, fedha hakuna. Sasa kwa nini mtu ajinyime raha akiwa na nguvu zake ili aje akutane na hayo? Bora ale, anywe, aende zake akifika sitini.

Hoja hii isibezwe. Wengi wanaoisema wameuguza. Walimwona mzazi wao akidhoofika mpaka akasahau majina ya watoto wake, wakaapa kwamba wao hawafiki huko. Mimi naipinga, lakini naomba kila mmoja aseme la kwake na tusitukanane.

Inapopotoka ni kwenye hesabu. Inadhani anayejitunza na asiyejitunza wanazeeka sawasawa, ila mmoja anakaa kwenye uzee muda mrefu zaidi. Sivyo. Asiyejitunza mara nyingi hafi mapema kama anavyotarajia; anaugua mapema, halafu anakaa na ugonjwa. Presha isiyotibiwa haina ahadi ya kumchukua mtu usingizini. Inaweza kumpiga kiharusi akiwa na miaka 54, ikamwacha upande mmoja hauna nguvu na ulimi mzito, na akaishi hivyo miaka mingi. Sukari ikiachwa inaharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu, mpaka kidonda kidogo kinaishia kwa mguu kukatwa. Mkulima wa korosho ataelewa upesi: mkorosho usiopuliziwa dawa ya salfa ukapigwa na ugonjwa wa ubwiri unga haufi, unabaki umesimama shambani bila kuzaa.

Na jambo hili limepimwa. Daktari James Fries wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa hoja mwaka 1980 kwamba maisha ya afya yanaweza kuchelewesha ulemavu kuliko yanavyochelewesha kifo, kwa hiyo muda wa kutojiweza unafupika. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 1,741 waliosoma chuo kikuu huko Marekani, waliohojiwa mara ya kwanza mwaka 1962. Waliangalia mambo matatu tu: sigara, uzito na mazoezi. Waliokuwa na tabia nzuri waliishi zaidi, ulemavu ukawachelewa kwa zaidi ya miaka mitano, na ulipokuja ukabanwa kwenye miaka michache ya mwisho. Hicho ndicho tunachokizungumzia, wala si kuongeza mishumaa kwenye keki.

Karibuni.

Mchangiaji, Newala

Mtoa mada, shikamoo kama ni mkubwa wangu. Nimekusoma mpaka mwisho na sijaridhika.

Hao watu wako wa chuo kikuu walizeeka kwenye nchi ya maji ya bomba, pensheni na dawa. Njoo huku juu kwetu uwandani uone. Bibi yangu mzaa mama hajawahi kuonja sigara wala gongo. Chakula chake ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi, msimu wa njaa ming'oko, mizizi ya porini. Mazoezi? Amelima kwa jembe la mkono tangu akiwa msichana, na maji aliyafuata bondeni akirudi na ndoo kichwani kwenye mwinuko ambao kijana wa leo anapumzika njiani. Hakuna semina ya afya ambayo yeye hajaitimiza. Leo haoni vizuri, mgongo umepinda, analea wajukuu ambao baba yao hapigi hata simu, na maji ananunua kwa dumu. Akienda kutibiwa anaambiwa wazee ni bure, kisha anaandikiwa karatasi ya kwenda kununua dawa. Niambie amefaidi nini kwa kufika alipofika.

Halafu Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Sigara zake alivuta hadharani, akinywa bila kujificha, na alipofariki Aprili 2013 hakuna aliyejua hasa alizaliwa lini kwa jinsi alivyokuwa mkongwe. Alikuwa bado anaimba.

Na takwimu hata mimi ninazo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 binadamu kwa wastani aliishi miaka 73, lakini miaka ya afya njema ilikuwa kati ya 63 na 64. Hiyo karibu kumi iliyobaki inaliwa na maradhi. Serikali ya Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Kidogo, lakini ni haki yake. Huku Bara mkulima aliyetuletea fedha za kigeni kwa korosho maisha yake yote hana kitu kama hicho. Tutengenezewe kwanza uzee wa kuishi ndipo tuhimizwe kuufikia.

Mchangiaji, Masasi

Mimi kijana wa bodaboda, nauliza swali dogo. Hivyo vyakula vya afya vinavyotajwa redioni, matunda aina tano, samaki asiyekaangwa, mafuta maalumu, ni kwa ajili ya nani? Siku nzima niko barabarani, nakula chipsi na soda kwa sababu ndivyo vilivyo karibu na vinashibisha.

Mchangiaji, Lindi Mjini

Kaka wa Newala, kaka mtoa mada, wote nawaheshimu. Lakini mnazungumza kama vile mgonjwa yuko peke yake kitandani. Mimi ni mtu wa pembeni ya kitanda, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa urefu.

Baba yangu alikuwa mtu wa msimamo huohuo wa kula raha. Alipimwa presha akaambiwa ameze vidonge kila siku. Alimeza mpaka alipojisikia nafuu akaacha, akisema dawa za maisha ni utumwa. Maneno yake yalikuwa hayahaya: nikifa nimekufa, kila mtu ana siku yake. Siku yake haikuwa ile. Alianguka chooni, na tangu hapo hakutembea tena peke yake. Alikuwa bado hajafika sitini.

Sasa sikilizeni kazi ilivyo. Mtu mzima aliyepooza anageuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo anatoka vidonda vya kulalia, na kidonda cha mgongoni kikishaingia ndani kinanuka nyumba nzima. Uji unampa kijiko kwa kijiko ukiwa umemkalisha, maana akipaliwa chakula kinaingia kwenye mapafu. Shuka zinafuliwa kila siku. Pampasi za wakubwa ni fedha, nami nilikuwa nakata kanga za zamani. Kumnyanyua kumeniachia maumivu ya kiuno ambayo ninayo mpaka leo. Nilikuwa na meza yangu ya samaki sokoni, na ulipofika mwezi wa tatu tu meza ikawa ya mtu mwingine.

Wadogo zangu wa kiume walikuja. Walisalimia, wakaacha nauli, wakaondoka. Siwalaumu sana, ndivyo tulivyolelewa. Kwetu Wamwera, kama ilivyo kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo tangu zamani unahesabiwa upande wa mama, na mtoto wa kike ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Mzee akianguka, anaangukia kwa binti. Hakuna kikao kinachoitishwa kuuliza kama binti anaweza.

Kwa hiyo mwanamume akikaa barazani akasema yeye anakula chumvi yake na kuvuta sigara yake kwa kuwa maisha ni yake, mimi namuuliza: umeongea na binti yako? Maana gharama unayoipanga si yako. Nilimpenda baba yangu, nimemuuguza kwa roho moja mpaka Mungu alipomchukua, na ningemuuguza tena. Lakini vidonge vile alivyoviacha vingenipa miaka ambayo sasa sina pa kuidai.

Mchangiaji, Kilwa Masoko

Umri uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, hilo halina mjadala. Mwili nao ni amana na tutaulizwa tuliutumiaje. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipenda mazoezi na hakuficha, akafariki Februari 2024 akiwa na miaka 98. Kaka wa Newala amemtaja mmoja, nami nimemtaja mmoja.

Mtoa mada, Mtwara Mjini

Dada wa Lindi, pole sana. Mimi nilianza na mgonjwa, wewe umetuonyesha nani anamlipia. Naona hapo ndipo mzizi wa mjadala ulipo kuliko kwenye takwimu zangu.

Kaka wa Newala, marahaba. Bibi yako simpingi hata kidogo. Aliyelima kwa jembe miaka hamsini hahitaji kuambiwa atembee. Anahitaji maji karibu, miwani, na mtoto wa jicho aondolewe, maana huo ni upasuaji unaorudisha uwezo wa kuona na hauhitaji siku nyingi hospitalini. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na mzee asiye na uwezo kutibiwa bure ni jambo linalosemwa kila mkutano. Dirisha la wazee lisilo na dawa ni dirisha tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nami naiunga mkono, lakini bima inalipa hospitali. Saa za usiku za kumgeuza mgonjwa hakuna anayezilipa. Pensheni kwa wazee wote Bara naitaka kama unavyoitaka wewe.

Nisipokubaliana nawe ni kwenye neno "kwanza". Unasema tutengenezewe uzee ndipo tujitunze. Je, anayesubiri hivyo, akianguka kabla haujatengenezwa, anadondokea wapi? Tunajua. Mgonjwa ndani, msimu bado, fedha ya dawa hakuna, mtu wa kangomba, anayenunua korosho nje ya mnada, anapiga hodi. Korosho ambazo zingengoja mnada zinauzwa kwa bei ya kutupa zikiwa bado juu ya mti. Wengine wanaweka rehani mikorosho yenyewe. Nimeona familia inapoteza shamba kwa kiharusi kimoja. Umaskini ule unaotufanya tuuogope uzee, mara nyingi unaingia nyumbani kwa mlango wa ugonjwa.

Bi Kidude apumzike kwa amani. Kwa kila mmoja kama yeye kuna wavutaji wengi ambao hatuwataji kwa sababu hawakufika. Richard Doll na wenzake wa Uingereza waliwafuatilia madaktari wa huko kuanzia mwaka 1951 kwa miaka hamsini. Walikuta mvutaji anapoteza kwa wastani kama miaka kumi ya maisha. Akiacha akiwa na miaka 50 anaokoa kama sita, na hata akiacha akiwa na 60 anaokoa mitatu. Kwa hiyo baba zetu wa miaka hamsini na kitu hawajachelewa.

Kijana wa Masasi, achana na vyakula vya redioni. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu tano kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyote ulivyokula, na kupunguza chumvi hakuna gharama. Mbaazi, kisamvu, mtama, maembe, vyote viko Masasi. Soda ndiyo inayokula fedha yako. Na kapime presha, hata kama una miaka thelathini. Haiumi mpaka imeshaharibu.

Mchangiaji, Newala

Nimewasoma. La binti nimelikubali, na nimelisoma kwa sauti mbele ya mke wangu. La pensheni siliachi: mkisema "tujitunze" mbele ya viongozi, wao wanasikia "hawahitaji kitu". Mkilisema, lisemeni pamoja na la maji na la dawa, pumzi moja.

Mchangiaji, Lindi Mjini

Hapo tuko pamoja, kaka. Na likisemwa, wauguzi wa nyumbani tuwemo. Hata mafunzo ya siku mbili ya namna ya kumnyanyua mgonjwa bila kuvunja mgongo, zahanati ingeweza kutupa. Hakuna aliyewahi kunionyesha.