Mkojo kurudi figoni: dawa ya kila usiku, sindano au upasuaji?

Mama Nuru (Kisauni)
Assalam alaykum wenzangu. Mwanangu amepatikana na tatizo la mkojo kupanda tena hadi kwenye figo badala ya kutoka. Daktari ametupa njia tatu: antibiotiki kidogo kila usiku, sindano ya kuubana mlango wa mrija wa mkojo utokao figoni, pale unapoingia kibofuni, au upasuaji. Anataka jibu Alhamisi. Baba yake anasema apasuliwe yaishe. Mimi usiku wa pili huu sijalala. Aliyepitia haya aniambie, lipi bora?

Ummu Salim
Wa alaykum salaam. Pole mamangu, lakini hujatwambia lolote la kutusaidia kukujibu. Ana umri gani? Mvulana au msichana? Gredi ya ngapi, yaani ukali wake, 1 ndiyo nyepesi na 5 ndiyo kali kabisa, na ni figo moja au zote mbili? Homa imemrudia mara ngapi? Gredi ya 1 na ya 5 ni kama maradhi mawili mbalimbali.

Baba Twaha (Changamwe)
Upasuaji. Wangu alikuwa gredi ya 5 upande wa kulia. Alipasuliwa akiwa na miaka mitatu, mrija ukang'olewa na kupandwa upya kwenye kibofu. Siku mbili za kwanza mkojo ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi, na kibofu kikimkaza alikuwa akinishika shati asiliachie. Sasa yuko darasa la tatu na homa ya mkojo haijamrudia. Upasuaji huo hufaulu kwa zaidi ya watoto 95 katika 100. Dawa miaka na miaka ya nini?

Nesi Likoni
Baba Twaha, wako alikuwa gredi ya 5, usimpimie mwenzio kwa kipimo chako. Kwenye gredi za chini watoto wengi hupona wenyewe, kwa sababu wakikua, ile sehemu ya mrija inayopita ndani ya ukuta wa kibofu hurefuka, na kibofu kikijaa huubana. Dawa ni ya kumlinda figo wakati mkisubiri. Utafiti wa Marekani uliotoka 2014 ulifuatilia watoto 607 kwa miaka miwili. Waliopewa dawa, 39 walirudiwa na maambukizi. Waliopewa dawa bandia, ile isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia tu, 72. Lakini makovu kwenye figo hayakutofautiana, na wa dawa waliporudiwa, mara nyingi vijidudu vilikuwa sugu. Kwa hivyo dawa ina faida na ina gharama yake. Mama Nuru, mtoto hufunga choo?

Mama Nuru (Kisauni)
Samahani, nilikuwa nimechanganyikiwa. Ni msichana, mwaka mmoja na miezi saba. Karatasi inasema kushoto gredi ya 3, kulia ya 2. Homa mara tatu. Kipimo cha makovu bado, tumeambiwa twende Nairobi. Na ndiyo, hukaa siku tatu, nne bila choo. Sikujua yanahusiana.

Nesi Likoni
Yanahusiana sana. Choo kigumu hukisukuma kibofu, mkojo haumaliziki, vijidudu hukaa. Hilo lianze leo, njia yoyote mtakayochagua.

Bi Mwanakombo (Majengo)
Mama Nuru, soma haya yangu. Binti yangu alianza homa akiwa na miezi minane. Kila nikimpeleka zahanati moja mtaani naambiwa malaria, napewa dawa, inashuka, wiki tatu baadaye inarudi. Mara ya nne nikawaomba wapime mkojo. Wakambandikia kile kifuko cha plastiki, kikakaa saa nzima, mkojo umeshachanganyika na choo, wakasema ni safi. Hakuna aliyeuotesha maabara kuona kama vijidudu vitakua. Mara ya sita mtoto alitetemeka hadi meno yakagongana, ndipo jirani akatupeleka hospitali kubwa.

Ile picha ya kujaza dawa kwenye kibofu siisahau. Nilimfunga kwa leso yangu mwilini, mikono ndani, wakamtia mpira mwembamba kama tambi. Nikatazama kwenye kioo cha mashine. Kile cheupe kilijaa kibofu, halafu pole pole kikapanda, kikapanda, kikachanua ndani ya figo. Figo ya kushoto ilikuwa na makovu tayari. Leo ana miaka tisa, kila mwaka tunapima presha na protini kwenye mkojo. Kilichomwumiza ni ile miezi ya kuambiwa malaria. Homa yoyote isiyo na mafua, mkojo upimwe siku hiyohiyo, na uoteshwe.

Shamte wa Kongowea
Mpeni madafu kila asubuhi. Na mwache maji ya kisima, chumvi yetu hii ya Mombasa inaua figo.

Nesi Likoni
Shamte kaka, maji ya chumvi hayakufanya mrija uwe mfupi, huyu kazaliwa nao. Madafu siyo dawa ya hili.

Shamte wa Kongowea
Marehemu bibi yangu aliponya wengi kwa madafu.

Ummu Salim
Tusitoke kwenye mada. Sindano sisi tulifanyiwa: hakuna kidonda, jioni tukarudi nyumbani. Miezi sita baadaye ikabidi irudiwe, na gharama ikarudiwa. Jambo jingine: kabla ya Septrin, antibiotiki mojawapo ya hizo za kila usiku, ulizeni kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Huku Pwani wapo wenye upungufu wake, na Septrin inaweza kuvunja damu ya mtoto. Akiwa manjano au mkojo ukawa mweusi, dawa isimame, mkimbizeni hospitali.

Baba Twaha (Changamwe)
Hilo la G6PD sikulijua. Bado kwangu ni upasuaji, lakini gredi ya 3 ningengoja kipimo cha makovu kwanza.

Mama Nuru (Kisauni)
Mume wangu amesoma yote. Ameuliza tu, Nairobi twende kwa treni au kwa basi la usiku?

Bi Mwanakombo (Majengo)
Treni, mwanangu. Basi likishaondoka, kumbadilisha nepi njiani ni taabu. Na karatasi za kuotesha mkojo zitie mkobani usiku huo huo, sisi tulizisahau juu ya friji.