Gemu za repaki: ni wizi au siyo?

Mtaa_wa_Pili: Wakuu, gemu ya giga 80 mtu anaibana mpaka 35, anaitupia kwenye torenti, kule watu wanakogawana mafaili, sisi tunashusha bure. Tuambiane ukweli, huu siyo wizi? Matusi sitaki.

BandoLaUsiku: Wizi ni bando kuisha kabla hujalitumia. Dola 60 kwa gemu moja, kwa mshahara upi? Na wenyewe wanajaza makorokoro. Titanfall ya 2014 ilikuwa giga 48, humo 35 ni sauti tu, hata kubanwa hazijabanwa.

Mama_Kibodi: Hela ya gemu huna, ya laptopu unayo. Nyie wa Core i3, prosesa za bei ya chini, kwa kulialia hamjambo.

BandoLaUsiku: Core i3 yangu imeingiaje hapa?

FundiKkoo: Imeingia sana tu. Repaki unaokoa bando, unalipia kwenye prosesa. Mashine dhaifu inafungua mzigo tangu isha mpaka alfajiri, halafu mtu ananiletea eti imeganda. Haijaganda kaka, RAM ndogo.

Kibakuli: Ikibanwa hivyo lazima picha zife.

FundiKkoo: Unachanganya na video za WhatsApp. Hapa faili zilizobanwa kivivu zinafumuliwa kwanza, vinavyojirudia vinabaki mara moja, kisha zinabanwa upya kwa nguvu. Zikifunguka zinarudi baiti kwa baiti. Na lugha usizotaka unaziacha hukohuko, sauti za Kipolandi za kazi gani? Waliokuwa wakikata video na muziki ni wale wa enzi za CD.

Mtaa_wa_Pili: Jamani, swali langu…

WakiliMtarajiwa: Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 ipo, kunakili kazi ya mtu bila ruhusa ni kosa. Ila tutofautishe: anayebana mara nyingi siye aliyevunja kufuli la kuzuia kunakili. Ndiyo maana Wajerumani wakaleta Denuvo, ya kulinda kufuli hizo…

Kibakuli: Austria hiyo. Salzburg. Wakili mzima hajui ramani!

WakiliMtarajiwa: Si wanaongea Kijerumani? Wewe umefika?

Kibakuli: Picha nikutumie?

Mama_Kibodi: Gemu ya The Witcher 3 iliuzwa GOG, duka la gemu la mtandaoni, bila kufuli lolote, na imeuza mamilioni. Kwa hiyo kufuli siyo kisingizio. Subirini punguzo, mnunue.

BandoLaUsiku: Mama, Core i3 hujaiomba radhi bado.

FundiKkoo: Mwenye Core i3 aje inboksi, RAM za DDR3 giga 8 zipo.

BandoLaUsiku: Bei?