Mrejesho: Muuguzi niliyetaka kuacha kazi, Kigoma

Habari zenu ndugu zangu. Niliomba ushauri: niache uuguzi au nivumilie? Tangu zile zamu za Korona za 2021 usingizi umepaa. Nikibandika chai hapa Gungu, maji yakianza kutokota nasikia ile chupa ya maji ya oksijeni ya wodini ikibubujika, nazima jiko.

Dada mmoja alinisihi nisipeleke barua ya kuacha kazi nikiwa nimechoka. Nikaenda kwa matroni, nikalia. Naye akalia, kumbe hata yeye halali. Amenitoa zamu za usiku, nipo kliniki ya watoto. Akanieleza kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutambua uchovu huu kuwa unatokana na kazi. Basi si uvivu wangu!

Jana chai imeiva. Barua ipo kabatini, sijaichana. Asanteni sana.