Mwanga wa Chumba cha Ndani

*Kikundi cha familia, Jumamosi jioni*

Msanifu: Shikamooni wazazi wangu, na Nyanya shikamoo ya peke yake. Jumatano nitasimama mbele ya jopo la walimu kuitetea kazi yangu ya muhula huu, na kabla ya siku hiyo ningependa nyinyi mnikosoe kwanza, kwa sababu jengo ninalolichora ni la watu wanaoishi kama tulivyoishi sisi mtaa wa Pipeline, Nairobi. Nimetuma picha tatu: ramani ya ghorofa moja, mkato unaoonyesha jengo likiwa limepasuliwa kama mkate, na modeli niliyoitengeneza kwa karatasi ngumu.

Mama: Marahaba mwanangu. Modeli nimeielewa, lakini ramani ina mistari mingi na macho yangu yamechoka. Tueleze kwa maneno.

Msanifu: Sawa, Mama. Ploti ni ile ya kawaida ya futi 50 kwa 100. Majengo mengi ya kupangisha pale mtaani yamegawanywa kwa namna moja: safu nne za vyumba vya kumi kwa kumi zinazofuata urefu wa ploti, na korido mbili za futi tano. Safu mbili za nje zina madirisha yanayotazama kichochoro kilicho kati yetu na jirani. Safu mbili za ndani zimepeana migongo, na dirisha lao pekee linafunguka kwenye korido, ambayo nayo ina giza. Kila safu ina nafasi kumi. Ya kumi nimeihesabu kuwa ya ngazi, vyoo na mahali pa kufulia. Kwa hiyo ghorofa moja ina vyumba 36, na 18 kati ya hivyo havioni anga kabisa. Hiyo ni hesabu ya kijuujuu, bila unene wa kuta.

Shangazi: Mimi ninaishi katika kimoja cha hivyo 18, mwanangu, tena ghorofa ya chini. Taa iliyo juu ya cherehani ninaiwasha nikiamka na kuizima nikienda kulala. Mteja akiniletea kitambaa cheusi, nyuzi zake ninazichagulia nje, kwa kuwa ndani nyeusi na ya samawati iliyokolea ni kitu kimoja.

Msanifu: Hapo ndipo nilipoanzia, Shangazi. Sikuanza na sura ya jengo, nilianza na cherehani yako. Mwaka wa pili nilichora zahanati yenye paa lililopinda kama bawa, nikalipenda mno, na siku ya kukosolewa mwalimu mmoja akauliza swali moja tu: mvua ya Aprili ikija na upepo kutoka mashariki, mama aliyempakata mtoto pale kwenye benchi ataelekea wapi? Sikuwa na jibu, kwa sababu benchi nililiweka baada ya paa kukamilika. Tangu siku hiyo ninaanza na mtu aliyeketi, alipoketi na anachokifanya kwa mikono yake, halafu ukuta na paa vinamfuata.

Mjomba: Mpwa wangu, maneno hayo ni mazuri, na mimi nimejenga miaka mingi kiasi cha kujua kwamba unasema kweli. Lakini mwenye ploti haniiti ili nimjengee mwanga. Ananiita kwa sababu amechukua mkopo, na kila chumba ni kodi. Nikiangalia ramani yako ninaona mashimo matatu. Umeniondolea vyumba vingapi?

Msanifu: Sita, Mjomba. Naomba unifuate polepole. Safu mbili za ndani, kwa kuwa zimepeana migongo, zinaunda jozi tisa za vyumba zilizopangana kuanzia upande wa barabara. Nimeondoa jozi ya pili, ya tano na ya nane, kutoka ardhini hadi paa. Kila palipoondolewa jozi panabaki uwazi wa futi 10 kwa 20 usio na kitu juu yake ila mawingu. Sasa hesabu zilizobaki: ya kwanza na ya tatu zinapakana na uwazi wa kwanza, ya nne na ya sita zinapakana na wa pili, ya saba na ya tisa zinapakana na wa tatu. Hakuna jozi hata moja iliyobaki bila uwazi ubavuni. Vyumba 36 vimekuwa 30, na kila kimoja kina dirisha linalotazama nje. Korido nazo zinafunguka kwenye uwazi mara tatu, hivyo hewa inapita.

Mjomba: Nimehesabu kwa kidole juu ya picha, na ni kweli. Hapo umefanya kazi. Hata hivyo moja kwa sita ya kodi ni fedha nyingi.

Msanifu: Ni nyingi, na sitaki kumdanganya mtu. Ila wewe mwenyewe ulituambia Krismasi kwamba katika majengo uliyoyasimamia, vyumba vya ndani ndivyo vinavyohamwa haraka na kukaa vitupu, na kwamba mwenye nyumba hulazimika kuvikodisha kwa bei ya chini kuliko vya nje. Nimeyaandika maneno yako kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo yangu.

Mjomba: Nilisema, na bado ninasema. Basi muongezee ghorofa mbili juu afidie vile vyumba sita. Umechora tano pamoja na ya chini, na wenzake wote mtaani wana saba au zaidi.

Msanifu: Hapo ndipo ninapokataa, Mjomba, na sababu ni jua. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, kwenye nyuzi 1 na dakika 17 hivi, kwa hiyo jua letu la saa sita mchana haliinami sana mwaka mzima. Mwezi Machi na Septemba linapita karibu wima juu ya vichwa vyetu. Siku linapoinama zaidi upande wa kaskazini, tarehe 21 Juni, bado linasimama nyuzi 65 kutoka upeo wa macho. Uwazi wangu una futi 20 kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa kuwa upande mrefu wa ploti unaelekea mashariki na magharibi. Kwa pembe ya nyuzi 65, miale inayoingia juu ya uwazi wa futi 20 inashuka futi 43 hivi kabla ya kugonga upande wa pili. Ghorofa tano za futi tisa ni futi 45. Kwa hiyo hata siku ile mbaya kuliko zote, mawingu yakiwa hayapo, jua linafika hadi ghorofa ya chini, anakoishi Shangazi. Nikiongeza ghorofa mbili jengo linakuwa na futi 63, na watu wa ghorofa mbili za chini wanarudishwa gizani.

Mjomba: Kumbe idadi ya ghorofa umeipata kwa jua. Mimi siku zote nimeipata kwa mfuko wa mwenye ploti na nguvu ya msingi. Hilo ulieleze mbele ya walimu kama ulivyotueleza sisi, bila kuharakisha.

Mama: Na Julai je, wakati jua halionekani wiki nzima na baridi imetukaza?

Msanifu: Julai tunategemea mwanga wa mawingu, Mama, na huo hauna miale ya kushuka, unaruka kutoka ukuta hadi ukuta. Ndiyo maana rangi ya kuta za uwazi haiko huru. Lazima iwe nyeupe na irudiwe kila inapochafuka, la sivyo mwanga utamezwa kabla ya kufika chini.

Kaka: Nyanya ameketi hapa karibu nami na amesikiliza yote niliyomsomea. Anasema niandike hivi: «Mjukuu wangu, hilo shimo lako si jipya. Nyumba tuliyozaliwa Lamu ilikuwa na kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati, na vyumba vyote vilichukua mwanga na hewa kutoka hapo, kwa sababu upande wa mtaani kuta zilikuwa nene na karibu hazina madirisha. Kuta za kiwanda zilipakwa chokaa. Na chumba kilikuwa chembamba kwa kuwa boriti za mikoko zina urefu wake, huwezi kuzivuta. Lakini nina swali. Dirisha la chumba hiki na dirisha la chumba kile, yanatazamana?»

Msanifu: Ndiyo, Nyanya. Yanatazamana kwa umbali wa futi kumi.

Kaka: Nyanya anasema: «Basi umewavua watu nguo. Kwetu mgeni aliingia kwanza dakani, pale ukumbini pa mlango wa nje, akaketi kwenye baraza, na mlango wa ndani haukukaa sawa na wa nje. Ulipita kwa kukunja, ili aliye njiani asimwone aliye ndani. Mwanga ni kitu chema, lakini mwanamke hatalifungua dirisha ambalo jirani anaona kitanda chake. Ataweka pazia zito, na chumba kitarudi kuwa na giza uliloliondoa.»

Shangazi: Nyanya amesema kitu ambacho mimi nilikuwa naona haya kukisema.

Msanifu: Nimesoma ujumbe huo mara tatu. Nyanya, ahsante. Nimepima mwanga kwa nyuzi na kwa futi, nikasahau pazia. Nipeni saa moja.

Mama: Wakati unafikiri, nami nina langu la ngazi. Hizi za hapa kwetu ni za kupanda mlima. Maji yakikatika ninabeba mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya nne, na kila kipandio kina kimo chake, kimoja kirefu na kingine kifupi, mguu haujui uutegemee upi.

Msanifu: Ngazi nimezipa siku nne nzima, Mama, kwa ajili ya mtungi huo. Kuna kanuni ya zamani: kimo cha kipandio mara mbili, ukijumlisha na upana wa kukanyagia, viwe kati ya sentimita 60 na 65, kwa kuwa huo ndio urefu wa hatua ya mtu. Zangu zina kimo cha sentimita 16 na upana wa 30, jumla 62, zote sawasawa kutoka chini hadi juu. Kila baada ya nusu ghorofa kuna kituo chenye ukingo mpana wa kuegesha mtungi kwa kimo cha kiuno, ili usiinamie chini na kuunyanyua tena. Na maji ya mvua hayapotei. Paa, ukiondoa nafasi tatu za uwazi, lina karibu mita 400 za mraba. Mvua ya milimita 20 ni lita 8,000. Hata robo yake ikimwagika, zinabaki 6,000, ambazo ni mitungi 300.

Mjomba: Chini ya kila uwazi uniwekee mfereji wa kutosha na kichujio, maana watu watatupa takataka. Na ukingo wa slabu kuzunguka uwazi lazima uwe na boriti ya zege. Hiyo katika mkato wako sijaiona.

Msanifu: Nimeiandika, Mjomba.

Mjomba: Jambo la mwisho kwangu. Sura yake kwa mbele ni ya kawaida mno. Hao walimu hawatataka kitu cha kuinua macho, kama KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi?

Msanifu: KICC ninaipenda sana. Mwaka wa kwanza nilikaa pale uwanjani siku mbili nikiichora, na nilijisikia fahari kujua kwamba David Mutiso, Mkenya, aliisanifu pamoja na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei, ikakamilika mwaka 1973. Lakini ile ilijengwa ili taifa lionekane. Katika jengo langu wanaohitaji kuona ni wapangaji. Mtu ninayemwangalia zaidi siku hizi ni msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso. Shule ya Gando, aliyoijenga mwaka 2001 pamoja na wanakijiji wake, ina kuta za matofali ya udongo, na mabati yake ameyainua juu mbali na dari ili hewa ya moto itoke. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu wa majengo. Shule ile ni nzuri kuitazama, na uzuri wenyewe umetokana na lile pengo la hewa. Ningependa uzuri wa jengo langu utokane na uwazi vivyo hivyo.

Mama: Lala sasa, mwanangu. Saa tano imepita.

*Jumapili*

Msanifu: Habari za asubuhi. Nyanya, nimelichora upya usiku. Kila ukuta wa chumba unaopakana na uwazi una futi kumi. Dirisha la chumba cha huku nimelisogeza mwisho wa kushoto wa ukuta, na la chumba kinachokitazama nimelipeleka upande wa pili, hivyo kila dirisha linatazama ukuta mweupe mtupu badala ya dirisha la jirani. Sehemu ya chini, hadi kimo cha mtu aliyelala kitandani, ni tofali zilizopangwa kwa kuacha matundu, hewa inapita na jicho halipiti.

Kaka: Nyanya ametikisa kichwa kukubali. Amesema: «Sasa atalifungua.»

Msanifu: Shangazi, nina ombi moja. Leo saa sita na nusu mchana, tafadhali zima taa kwa dakika chache, ujaribu kutunga uzi kwenye sindano ukiwa umeketi pale pale kwenye cherehani. Ningependa niwaeleze walimu kilichotokea, nisiwape nambari peke yake.

Shangazi: Ni saa sita na dakika 40. Nimezima taa nikangoja macho yazoee. Nimejaribu mara nyingi na uzi haukuingia. Nikasogea hadi mlango wa chumba, bado. Nikatoka koridoni hadi pale inapoanza ngazi, ukaingia mara ya kwanza. Kutoka cherehani hadi pale nimehesabu hatua 19.

Msanifu: Ahsante Shangazi. Cherehani unaitumia ukiwa umeelekea wapi, na mkono gani ndio unaoongoza kitambaa?

Shangazi: Nimeelekea ukuta wa nyuma, na mkono wangu ni wa kulia.

Msanifu: Basi dirisha litakuwa kushoto kwako, ili kivuli cha mkono kisianguke kwenye sindano. Katika ramani linabaki pale lilipo, na meza ya cherehani ninaichora sasa hivi.