Ushuru wa korosho uwalipe walimu wa vijijini? Tujadiliane

Mzazi wa Tandahimba (mwanzisha mada)

Wandugu, habari za leo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, kijiji kimoja huku Tandahimba, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, mwaka wa nne sasa. Mwaka jana mwezi wa tatu tuliletewa mwalimu wa hisabati. Alifika jioni juu ya bodaboda, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, ndoo mbili na jiko dogo la gesi. Akina mama wakampikia, watoto wakambebea mizigo. Mwezi wa nane akaomba ruhusa ya kwenda kumwuguza mama yake. Mwezi wa kumi tukaambiwa amehamishiwa shule ya mjini. Jiko lake bado liko kwa mwenyekiti wa kitongoji, hakuna aliyekuja kulichukua.

Huyo ni wa tatu kuondoka tangu niingie kamati. Wanasema kitaalamu kila watoto 45 wawe na mwalimu mmoja. Darasa la pili letu, mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, walio nyuma wanatoka dirishani.

Hoja yangu ni hii. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000. Vizuri. Lakini mshahara hupanda sawasawa, Masasi mjini na kijijini kwetu, kwa hiyo bado hakuna kinachomfanya mtu abaki huku. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa mazao wa asilimia 3. Kilo ya korosho ikiuzwa 3,000, ushuru ni shilingi 90, tani moja ni 90,000. Posho ya laki moja kwa mwezi kwa mwalimu mmoja ni 1,200,000 kwa mwaka, yaani ushuru wa tani 13 na kidogo. Walimu mia moja ni kama tani 1,333. Hivi kweli wilaya ya korosho inashindwa?

Posho hiyo ifuate kituo, isimfuate mtu. Siku unaondoka inabaki inamsubiri ajaye. Gambia wanafanya hivyo tangu 2006: mwalimu wa shule ya mikoa ya mbali iliyo zaidi ya kilomita 3 kutoka barabara kuu anaongezewa asilimia 30 hadi 40 ya mshahara.

Mwalimu, Liwale

Mzee wangu, shikamoo. Mwalimu mwenzangu aliyewakimbia simtetei, ila nikueleze anavyohesabu. Bodi ya mikopo ya wanafunzi inakata asilimia 15 ya mshahara, kulipia mkopo wa chuo. Benki inakata mkopo wake. Kinachobaki nakifuata mjini, kwa sababu wakala wa fedha wa kijijini kila tarehe za mshahara anasema salio limeisha. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na ukikuta mvua za masika unalala. Kwa hiyo mwezi mzima naupunguza siku mbili za kazi ili kuchukua mshahara wa kazi.

Halafu wakuu wa shule za msingi wana posho ya madaraka ya 200,000 kwa mwezi. Sina wivu. Lakini anayeshika chaki vipindi vyote hana hata mia ya kumwambia "tunajua uko mbali".

Bado nasema laki moja si dawa. Mimi nakaa chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mahindi. Mlango wake unafungwa kwa waya. Tembo wakiingia mashambani usiku tunagonga mabati mpaka alfajiri, asubuhi nafundisha. Nipe nyumba yenye kitasa, nitakaa.

Mkulima

Kila shida ya wilaya hii dawa yake ni korosho! Mnada ukiisha nikisoma makato nalia: chama cha msingi cha ushirika, chama kikuu, usafirishaji, ghala, bado na michango ya kijiji. Sasa na mwalimu?

Mzazi wa Tandahimba

Kaka, ushuru wa halmashauri kisheria analipa mnunuzi, si mkulima. Na upo tayari. Siombi uongezwe hata senti.

Mkulima

Analipa mnunuzi, sawa. Na akiandika bei kwenye mnada haukumbuki ule ushuru? Tusidanganyane hapa.

Diwani mstaafu

Nimekaa vikao vya bajeti miaka kumi, niseme mnachokisahau. Mapato ya ndani yana wenyewe kabla hayajafika. Asilimia 10 ni mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Sehemu nyingine kubwa lazima iende miradi ya maendeleo. Kinachobaki ndicho mnachotaka kukigawa, na muuguzi wa zahanati iliyo jirani na shule yako naye atauliza: mimi je? Utamjibu nini?

Lakini hilo silo linalonitisha. Linalonitisha ni korosho yenyewe. Msimu wa 2018 wakulima waligomea bei ya wanunuzi, serikali ikainunua yenyewe kwa 3,300, jeshi likabeba. Aliyekuwa hapa anakumbuka fedha zilivyochelewa. Ukishamwahidi mtu posho kila mwezi juu ya zao linalouzwa miezi michache, mwaka mbaya ukija unamzalishia malimbikizo. Na mwalimu anayedai ni mgumu kukaa kuliko ambaye hakuahidiwa kitu. Nyumba ukishaijenga, imejengwa.

Mjitoleaji, Newala

Mimi nina swali jingine. Huku kusini tuna vyuo vya ualimu vya serikali Kitangali, Nachingwea, na viwili Mtwara mjini. Nimezaliwa hapa, maji ya Newala nimeyabeba kichwani tangu mdogo, hayanishangazi. Nafundisha kwa kujitolea, wazazi wananichangia 30,000 kwa mwezi, mwezi mwingine wananipa mihogo. Usaili nimefanya. Ajira ikija nitapangwa wapi, Kigoma? Na wa Kigoma ataletwa hapa, atakaa miezi saba. Hamuoni?

Mwalimu, Liwale

Dada umegusa. Ila mwenyeji naye akipata mchumba Dar atahama tu, nimewaona.

Mjitoleaji, Newala

Wa Liwale, mchumba wangu ni mkulima wa mbaazi. Tulia.

Msomaji, Lindi mjini

Kwa nini tulipe mtu kwa kukaa tu? 2013 na 2014 shirika la Twaweza walijaribu katika shule 350 za wilaya 10 nchini. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya 10,000 kwa kila mtoto, nyingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto anayefaulu somo, nyingine zikapata vyote. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Vyote viwili pamoja vilipandisha.

Mzazi wa Tandahimba

Bonasi inamfaa mwalimu aliyepo, ndugu yangu. Mimi namtafuta wa kuwepo.

Mheshimiwa diwani, hilo la malimbikizo umenishinda, nakubali. Basi nabadilisha: fedha ya korosho ijenge nyumba pacha na kisima cha kuvuna maji ya mvua, msimu mzuri nyumba nyingi, msimu mbaya chache. Posho ya kila mwezi itoke Hazina pamoja na mshahara, kwa orodha ya shule za mbali inayobandikwa ukutani kila mtu aione. Na binti wa Newala apewe nafasi ya kwanza kuchagua hapa, akisaini miaka mitano. Kilwa na Mtwara Vijijini, ninyi mnaopata ushuru wa huduma kutoka kampuni za gesi, msijifiche, mada hii inawahusu.

Mwalimu, Liwale

Mzee, kijiji chenu kiko umbali gani na lami? Nina mwenzangu wa hisabati, mkewe anatoka upande huo. Anatafuta wa kubadilishana naye.

Mzazi wa Tandahimba

Kilomita 19. Nyumba ipo ya vyumba viwili, bati moja limetoboka, Jumamosi tunalibadilisha. Jiko la gesi lipo.

Mwalimu, Liwale

Na maji?