Mjadala: Risasi baridi zipigwe marufuku kwenye filamu zetu Kisumu?

Fundi wa Kamera, Milimani:
Wenzangu wa filamu, nasikia waongozaji wakiulizia risasi baridi ili bunduki iteme moto mbele ya kamera. Napinga kabisa. Risasi hiyo haina kichwa, ila ganda lina baruti. Ukifyatua, gesi ya moto hutoka pamoja na chembe za baruti zisizokwisha kuungua, na zikikutana na hewa huwaka pale mdomoni mwa mtutu. Gesi hiyohiyo huua kwa karibu. Mwaka 1984 huko Marekani, mwigizaji Jon-Erik Hexum alijielekezea kwenye panja bunduki yenye risasi baridi kwa mzaha, akafyatua. Fuvu lilivunjika, akafariki siku chache baadaye. Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee aliuawa na kichwa cha risasi kilichokwama mtutuni bila kukaguliwa. Risasi baridi ndiyo iliyokisukuma.

Wa Kondele:
Kaka, hao walikosa uangalizi. Mwako wa kweli humulika uso, ukuta na moshi, ganda likaruka, na mwigizaji akashtuka kweli. Ule wa kompyuta mara nyingi unaonekana umebandikwa. Baruti yenyewe hupimwa: kamili, nusu au robo. Tuweke mtaalamu wa silaha na tuheshimu umbali.

Fundi wa Kamera, Milimani:
Ndugu yangu, uso unamulikwa na taa ndogo ya LED ikiwaka mara moja tu, nimefanya hivyo. Halafu mwako hauchukui hata nukta. Kamera inayopiga fremu (picha) 24 kwa sekunde kwa kawaida hufunga shata, yaani kizuizi cha mwanga, nusu ya muda wote, kwa hiyo unaweza kumaliza risasi usinase hata mwali mmoja. Utarudi kwenye kompyuta ileile, ukiwa umeshahatarisha watu bure.

Mama wa Nyalenda:
Wanangu, mimi si mtu wa filamu, lakini huo mlio tutausikia sisi. Baada ya zile ghasia za uchaguzi wa 2007, hapa bunduki ikilia watu wanalaza watoto sakafuni kwanza, maswali baadaye. Hata mkiwa na kibali na polisi wamesimama hapo, nyanya wa nyumba ya tatu atajuaje? Mzee wa mtaa apite mlango kwa mlango siku moja kabla, au msifyatue.

Wa Kondele:
Mama, mtaani sitafyatua, nakubali. Ila tukitoka hadi milimani Kajulu, mbali na nyumba za watu, bado naitaka. Fundi, huko nako utanikataza?