Mizizi ya meno imefupika: ni inhela au ni waya?

MamaSection58: Habari zenu. Msichana wangu yuko kidato cha pili, ana pumu, na waya za meno alifungwa mwaka jana hapa Nakuru. Eksirei ya juzi imeonyesha mizizi ya meno mawili ya mbele, ya juu, imeanza kuwa butu kwenye ncha. Jirani ameapa ni inhela, eti niikomeshe. Na vumbi hili letu! Tena kila akikazwa waya anameza ibuprofeni. Mwenye kujua anisaidie.

Njoro_Kisima: Pole. Mimi maji ya kisima yalinipa meno ya kahawia, waya zilikuwa zinabanduka kila mara. Mambo ya mizizi sijui, nasubiri majibu pia.

NesiKondele: Mama, inhela usiiguse! Jirani hatakuwepo mtoto akikosa pumzi saa nane usiku.

Jino likisukumwa, mwili hula mfupa upande mmoja na kuujenga upande wa pili. Katika kula huko, mzizi nao hukwanguliwa, hasa wa meno ya mbele ya juu. Nguvu ikizidi, matibabu yakirefuka, au mizizi ikiwa myembamba kwa kuzaliwa, ndiyo hufupika zaidi. Kuhusu pumu, kuna utafiti wa 1999 ulioona magego ya juu ya wenye pumu yakifupika mizizi kuliko ya wengine, lakini hata wale wasiotumia dawa yaliwapata. Sasa inhela inalaumiwaje?

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo ibuprofeni, na si kwa ajili ya mizizi. Kuna wenye pumu ambao ikiwaingia tu, kifua kinabana. Halafu inazuia prostaglandini, kemikali za mwili ambazo jino linazihitaji ili lisogee, kwa hiyo kuitumia mfululizo kunaweza kuchelewesha kazi. Muulize daktari kama paracetamol inamtosha.

Na hiyo picha mpelekee aliyefunga waya wiki hii, usingoje siku ya kukaza. Mara nyingi husimamisha kusukuma miezi miwili mitatu, kisha hupiga nyingine. Nguvu ikiondolewa, kufupika kwa kawaida hukoma, ila kilicholika hakirudi.

MamaSection58: Asante sana dada. Na vidonge vya prednisoloni alivyopewa alipolazwa, navyo niseme?

NesiKondele: Vyote. Beba na kadi ya kliniki, aone dozi na tarehe mwenyewe.